Kamera ya Kulenga na Kufyatua: Nani Mwamuzi?

Jina la kamera ya kulenga na kufyatua limetokana na Kiingereza, na wengi hudhani kwamba lamaanisha kamera ndogo au ya bei nafuu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sifa bainifu ya kamera hiyo ni nyingine: ndani yake, mwenye kuamua ni mtambo, wala si mpigapicha.

Kila picha hudai maamuzi matatu: umbali utakaoonekana wazi, ukubwa wa tundu lipitishalo mwangaza, na muda ambao filamu itapokea mwangaza huo. Mpigapicha stadi huweza kuyafanya yote kwa mkono wake.

Mwaka 1888, George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100. Filamu ilipokwisha, kamera nzima ilirudishwa kiwandani ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 ikafuata Brownie, iliyouzwa kwa dola 1. Hata hivyo, kamera hizo hazikuchagua chochote, kwani umbali ulikwisha kuwekwa kiwandani. Mwaka 1977 ilitokea Konica C35 AF, ambayo ilipima yenyewe mwangaza pamoja na umbali. Hapo ndipo uamuzi ulipohamia kwenye mtambo.

Jambo hili lamhusu mtafiti anayepiga picha hati za kale. Katika nyingi za kamera hizo za filamu, jicho hutazama kupitia kidirisha kilicho kando ya lenzi. Kwa jengo lililo mbali, tofauti hiyo haidhuru. Kwa ukurasa ulio karibu, pambizo huweza kuonekana kidirishani na kukosekana pichani. Na pambizoni ndimo wanakili walimozoea kuandika masahihisho. Isitoshe, kosa hujulikana baada ya filamu kusafishwa, pengine mwenye hati yuko mbali.

Simu za mkononi za leo zimeondoa kasoro ya kidirisha, maana kioo huonyesha kile kionwacho na lenzi. Lakini mtambo ungali mwamuzi: ukiwasha taa mbele ya karatasi ing'aayo, maandishi hufifia. Yampasa mtafiti aizime taa hiyo, asogee dirishani, na kuisoma picha kabla ya kuirudisha hati. Mtambo hupima mwangaza. Thamani ya pambizo haupimi.