Nyimbo za kwanza zilizovunja rekodi, na waliozipiga

Bendi nyingi za roki hutoa wimbo wao wa kwanza ukapita kimya. Hata Queen, ambao mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, walitoa "Keep Yourself Alive" Julai 1973 na haukuingia kabisa kwenye chati ya Uingereza. Ndiyo maana bendi inayofika kileleni kwa singo yake ya kwanza ni jambo la kuhesabiwa. Nimezikusanya hapa zile ninazoziona kubwa zaidi, na kila moja nimeiuliza swali ambalo orodha za namna hii hulipita: nani hasa alipiga vyombo, na jina lake liko wapi?

Kwa mauzo, bingwa ni "In the Summertime" ya Mungo Jerry ya Uingereza, mwaka 1970. Ulikaa namba moja nyumbani wiki 7, ukafika namba 3 Marekani, na makadirio yanayotajwa miaka yote ni nakala milioni 30 duniani. Ray Dorset aliutunga akiwa bado mwajiriwa wa kampuni ya saa ya Timex, na mwenyewe husimulia kuwa ulimchukua kama dakika 10. Hakuna drams ndani yake. Mdundo unashikiliwa na miguu inayokanyaga sakafu. Uliporekodiwa ulitoka mfupi mno. Prodyuza Barry Murray akaunganisha utepe ule ule mara mbili, katikati akachomeka mngurumo wa gari. Tega sikio baada ya mngurumo huo: unachokisikia ni mwanzo wa wimbo ukirudi kama ulivyokuwa.

Wimbo wa kwanza wa kutungwa na Bob Dylan kushika namba moja Marekani haukuimbwa na Dylan. Ni "Mr. Tambourine Man" ya The Byrds, Juni 1965, na mwezi uliofuata ukaongoza Uingereza pia. Katika bendi ile ya watu watano, ni Roger McGuinn peke yake aliyeruhusiwa kupiga chombo siku ya kurekodi, kwa gitaa lake la Rickenbacker la nyuzi 12. Gene Clark na David Crosby waliimba tu. Drams zilipigwa na Hal Blaine na gitaa la besi na Larry Knechtel, wanamuziki wa kukodiwa wa studio za Los Angeles. Kwa lugha ya bendi zetu, hao ni deiwaka: walikuja, walipiga, wakalipwa ujira wao na kuondoka. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwa wenzao, na sifa zikabaki huko huko.

The Monkees walikwenda mbali zaidi. "Last Train to Clarksville" ilitoka Agosti 1966, kipindi chao cha televisheni kikaanza Septemba, na Novemba walikuwa namba moja Marekani. Watunzi walikuwa Tommy Boyce na Bobby Hart, na vyombo vilipigwa na watu wengine kabisa. Kutoka kwenye bendi ilihitajika sauti ya Micky Dolenz tu.

Beatles nao hawakusalimika. "Love Me Do" ilifika namba 17 tu Uingereza mwaka 1962, lakini ilipotolewa Marekani mwaka 1964 ilipanda hadi namba moja. Toleo lililopanda huko lina drams za Andy White, mpigaji wa kukodiwa. Ringo Starr, mpiga drams wa bendi yenyewe, anatikisa tari.

The Knack na "My Sharona" wana haki ya kutajwa: wiki 6 kileleni Marekani mwaka 1979, na jarida la Billboard likaitangaza singo kubwa kuliko zote mwaka huo. Arctic Monkeys wa Sheffield wanatajwa kwa njia waliyopitia. Waligawa bure CD za majaribio kwenye maonyesho, mashabiki wakazisambaza mtandaoni, na Oktoba 2005 singo yao ya kwanza na kampuni ya Domino ikaingia chati ya Uingereza moja kwa moja namba moja.

Lakini wimbo ambao umenikalia moyoni kuliko zote hizo ni "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum. Ulitoka Mei 1967, ukaongoza Uingereza wiki 6 na kuuza zaidi ya nakala milioni 10. Mwaka 1977, Brit Awards walipochagua singo bora ya Uingereza ya miaka 25, uligawana ushindi na "Bohemian Rhapsody" ya Queen wale wale. Na mwaka 2009 ulitangazwa kuwa wimbo uliopigwa kuliko mwingine wowote katika maeneo ya umma Uingereza kwa miaka 75.

Cheza sekunde chache tu za mwanzo na mtu ataujua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kinachomjulisha ni kinanda cha Hammond, tuni yenye harufu ya Bach, na aliyeibuni ni Matthew Fisher. Kwenye lebo waliandikwa Gary Brooker, mtunzi wa muziki, na Keith Reid, mwandishi wa mashairi. Hoja ya Brooker ilikuwa kwamba wimbo ulishatungwa kabla Fisher hajajiunga na bendi, na hilo ni kweli. Lakini wimbo uliotungwa kabla yake haukuwa na kile kinanda, na mimi siwezi kuufikiria bila hicho.

Fisher alikwenda mahakamani mwaka 2005, miaka 38 baada ya kurekodi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa asilimia 40 ya haki za muziki. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikakubali kuwa ni mtunzi mwenza lakini ikamnyima fedha, kwa kuwa alichelewa mno kudai. Julai 2009 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati ule, wakamrudishia kwa kauli moja, wakisema sheria haiweki ukomo wa muda kwa madai ya hakimiliki ya aina hiyo. Mirabaha anayostahili inahesabiwa tangu 2005. Ya miaka ya nyuma imekwenda. Bill Eyden, mpiga jazi aliyekodiwa kupiga drams kwenye toleo lile lile, hakuwa sehemu ya kesi. Leo watunzi wanaoandikwa ni watatu: Brooker, Reid na Fisher.