Nguo za watoto Gusii: faida iko juu ya robota

Siku za soko Daraja Mbili, mjini Kisii, ni Jumatatu na Alhamisi, na mama anayetaka sweta nzuri ya mtoto hufika robota la mitumba likiwa bado limefungwa. Kamba zikikatwa, mikono huingia kutoka kila upande. Zile za kwanza, zisizo na doa wala kifungo kilichong'oka, ndizo kamera, na hapo hakuna kupunguziwa. Kadiri jua linavyosogea bei hushuka, sauti ya mchuuzi hupanda, na jioni kinachobaki chini ni fagia.

Hesabu yote ya biashara iko kati ya kamera na fagia. Robota la kilo 45 hivi hununuliwa bila kufunguliwa, na likitoka baya, hasara ni ya aliyelipa. La watoto lina nafuu yake: vipande ni vidogo, kwa hiyo ni vingi kwa uzani uleule, na mtoto huiacha nguo ingali na nguvu. Suruali ya mtoto wa miezi sita hufika haijapauka magotini kwa sababu mwenyewe hakuwahi kutambaa nayo. Ya mvulana wa miaka minane ni habari nyingine.

Upande wa Nyamira na Keroka, baridi ya milimani huuza sweta, lakini majani chai ndiyo huamua zitauzwa ngapi. Bonasi ya shirika la majani chai, KTDA, ikilipwa Oktoba, wachuuzi hujaza mzigo wa Krismasi. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamezoea bonasi ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya, na mwaka ukiwa mbaya aliyepanga kununua rinda na viatu huondoka na rinda tu. Januari karo humaliza kilichobaki.

Serikali nayo ina mkono wake. Machi 2020 uagizaji wa mitumba ulisimamishwa kwa sababu ya korona, ukaruhusiwa tena Agosti. Kabla ya hapo, mpango wa Afrika Mashariki wa mwaka 2016 wa kuachana na mitumba ulikwama kwa shinikizo la Marekani. Rwanda pekee ilishikilia.

Je, kwa kununua mitumba tunapunguza taka? Kwa kamera, ndiyo: sweta moja huvaliwa na ndugu watatu kabla ya kuchoka. Kwa fagia, nina shaka. Ripoti ya shirika la Changing Markets ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa zaidi ya nguo milioni 300 zisizouzika, za nyuzi za plastiki, huingia Kenya kila mwaka, makadirio ambayo wenye biashara wanayapinga. Fulana ya pamba iliyochakaa bado hupata kazi gerejini. Poliesta hainyonyi kama pamba, kwa hiyo mara nyingi huishia jaani au motoni.

Katikati ya kamera na fagia yuko fundi wa cherehani. Lastiki mpya kiunoni au zipu iliyobadilishwa huitoa suruali kwenye rundo la fagia, na mchuuzi mjanja hupeleka mzigo wake kwa fundi Jumanne ili Alhamisi auuze kwa bei ya maana.