Ngazi Tatu Mbele ya Askari Mzee

Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, vijana wa nchi hii waliitwa kutoka kila upande, nao wakaenda. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwa na miaka 20 alipokwenda vitani, leo anakaribia sabini, na wako waliorudi na miguu isiyokunjika hata leo.

Tumwazie mzee wa namna hiyo akikaa upande wa Ulanga, ng'ambo ya mto Kilombero. Hospitali Kuu ya Jeshi iko Lugalo, Dar es Salaam, mbali naye mno. Tegemeo lake ni zahanati ya kijiji, au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Zamani alingoja pantoni pale Kivukoni. Tangu daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018, avuka bila kungoja. Lakini je, akifika mlangoni ataingia? Zahanati ikiwa na ngazi tatu tu mbele, dawa zilizomo si zake.

Jambo hili halikuanza kwetu. Katika vita vya Crimea, askari wa Uingereza waliolazwa Scutari, Uturuki, walikufa kwa maradhi ya humo hospitalini kuliko kwa majeraha. Mwaka 1855 mifereji ya maji machafu ilisafishwa, hewa ikaruhusiwa kupita, na vifo vikapungua sana. Florence Nightingale, aliyewauguza, alitoa mwaka 1859 kitabu kizima juu ya ujenzi wa hospitali. Alijua kwamba jengo laweza kuponya, na laweza kuua.

Hapa bondeni jengo lina maadui wake: joto, mafuriko na mbu. Kuta ndefu na zielekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri lisiwachome wagonjwa. Msingi na uinuliwe juu ya maji ya masika. Watafiti wa Ifakara, ambako maabara ya Waswisi ilianzishwa mwaka 1957, wamefundisha kwamba mbu wa malaria hupenya sana katika mwanya ulio baina ya ukuta na paa. Basi mwanya huo utiwe wavu, hewa ipite na mbu abaki nje.

Lakini msingi ukiinuliwa, ngazi huzaliwa. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, na kila sentimita moja ya kimo yataka mteremko wa sentimita 12. Hesabu yake ni mita 5 na sentimita 40 za saruji, pamoja na mhimili wa kushika mkononi. Mlango nao uwe na upana wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite.

Wako watakaosema: kwanza dawa, mteremko baadaye. Twawajibu kwamba kuujenga pamoja na msingi ni kazi ndogo. Kuvunja baadaye ndiko kwenye gharama.

Kwa hiyo twawaomba wanakamati wa ujenzi na mafundi: kamba za msingi zikiisha kuvutwa, mwiteni askari mzee mmoja mwenye fimbo, apite mtakapopitisha wagonjwa. Pale atakaposimama, hapo ramani ibadilishwe kabla zege halijamwagwa.