Kujisajili pekee hakutoshi, mpiga kura sharti aelimishwe

IDADI ya Wakenya waliosajiliwa kupiga kura imekuwa ikiongezeka kila uchaguzi mkuu, lakini wanaofika vituoni hawajaongezeka kwa kiwango hicho.

Mnamo 2013, sajili ilikuwa na wapiga kura milioni 14.3, na takriban asilimia 86 kati yao walipiga kura. Kufikia Agosti 2022 waliosajiliwa walikuwa milioni 22.1, ila waliojitokeza walikuwa asilimia 65 pekee. Ikilinganishwa na Agosti 2017, sajili ilipanuka kwa watu milioni 2.5, ilhali waliopiga kura walipungua kwa zaidi ya milioni moja.

Pengo hilo si dogo. Mwaka wa 2022, Dkt William Ruto alimshinda Bw Raila Odinga kwa takriban kura 233,000, huku zaidi ya watu milioni saba waliosajiliwa wakikosa kupiga kura.

Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) jukumu la kusajili wapiga kura na kuwaelimisha. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inazitaka kaunti kutoa elimu ya uraia. Hata hivyo, elimu hiyo aghalabu hushika kasi uchaguzi unapobisha hodi, kisha huzimika.

Mpiga kura hukabidhiwa karatasi sita. Asiyejua kwamba zahanati ni jukumu la kaunti, naye mbunge hutunga sheria, hana kigezo cha kuwapima wawaniaji. Mwishowe huona kura yake haina faida.

Nyenzo za kumfikia zipo: mabaraza ya machifu, redio za lugha za mama, makanisa, misikiti na vyama vya akina mama. Vikao vya umma kuhusu bajeti za kaunti ni darasa tosha, kwani anayeuliza huko kuhusu barabara yake hujifunza nani wa kuwajibishwa debeni.

Raia aliyetimu umri wa miaka 18 huhitaji kitambulisho cha kitaifa au pasipoti halali ili kujisajili. Aliyehama makao naye anaweza kuomba kuhamishiwa kituo kilicho karibu, asije akazuiwa na nauli siku ya kura.

Uchaguzi mkuu ujao umeratibiwa kufanyika Agosti 10, 2027. Kwa kuwa usajili husitishwa kabla ya siku hiyo, anayengojea kampeni zipambe moto huenda akafungiwa nje.