Honi ya Volkswagen ya Zamani

Gari la Volkswagen lenye mgongo wa mviringo kama kobe lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1938. La mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Kwa jumla yalitengenezwa zaidi ya milioni 21. Afrika Mashariki watu walilifahamu sana, maana mwaka 1962 lilishinda mashindano ya magari ya Safari. Mengine bado yanatembea. Wenye nayo hupata shida moja mara kwa mara: honi hailii.

Wako wanaoidharau shida hii. Lakini barabara inayopita katikati ya kijiji chenye watoto na mbuzi haitaki dereva asiye na honi. Tena katika gari hili njia ya umeme wa honi hupita kwenye usukani. Honi ikinyamaza, huenda usukani nao una ubovu.

Tuone umeme unavyotembea. Hutoka kwenye betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma. Hupita kwenye fyuzi mpaka kwenye honi, chini ya madigadi ya mbele. Hapo unangoja. Ili honi ilie, umeme lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Njia hiyo ni chuma cha gari, na mafundi huiita athi. Kitufe cha honi hakileti umeme. Ukikibonyeza, kinaunganisha njia ya kurudi tu.

Njia hiyo hushuka kwa rodi ya usukani. Huko chini, rodi imeunganishwa na sanduku la gia za usukani kwa kisahani cha mpira chenye bolti nne. Mpira hupunguza mitikisiko, lakini haupitishi umeme. Kwa hiyo umewekwa waya mfupi wa kuuvuka. Waya huo ukikatika au ukishika kutu, honi inakuwa bubu, hata kama yenyewe ni nzima.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Washa swichi, lakini usiwashe injini. Chukua kipande cha waya. Ncha moja iguse kichwa cha honi chenye waya wa kwenda usukani. Ncha ya pili iguse chuma cha gari kisicho na rangi. Honi ikilia, ubovu uko kwenye usukani. Isipolia, tazama fyuzi, kisha honi yenyewe. Usiguse kile kichwa kingine cha honi, utaunguza fyuzi. Angalia pia volti. Magari ya zamani zaidi yalikuwa na betri ya volti 6, ya baadaye volti 12. Honi ya volti 12 haitalia vizuri kwa betri ya volti 6.

Ubovu ukiwa kwenye usukani, anza na ule waya mfupi. Sugua ncha zake kwa msasa, ukaze. Ukiwa hapo hapo, kague kisahani. Mwenzako auchezeshe usukani kidogo, kulia na kushoto, nawe utazame. Mpira ukiwa na nyufa, au bolti zikicheza, gari lisitoke mpaka kisahani kipya kipatikane. Wako wanaokata kipande cha tairi kuukuu na kukifunga hapo. Huo si ufundi, ni kuhatarisha watu. Kisahani kikikatika njiani, usukani unaweza kuzunguka bure na magurudumu yasigeuke.

Ubovu mwingine ni honi kulia yenyewe gari likikata kona. Mara nyingi waya ndani ya rodi umechubuka na unagusa chuma. Hapo ondoa kwanza waya wa betri. Nyoosha magurudumu ya mbele, kisha weka alama ya chaki kwenye usukani na kwenye rodi. Usipoweka alama, usukani utarudi umepinda. Badilisha waya mzima. Kuuzungushia utepe hakudumu.

Ukimaliza, rudisha waya wa betri na uwashe swichi. Bonyeza kitufe usukani ukiwa umenyooka, kisha umekatwa kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Honi ilie mara zote tatu, na inyamaze mara unapoachia.