Maporomoko Yaliyobaki Pichani

Asubuhi ya Jumapili, stendi ya teksi za Jinja mjini Kampala hujaa watu wa kila namna: wafanyabiashara na magunia yao, wanafunzi wanaorudi shuleni, na askari waliovaa kiraia wakiwa na wake zao na watoto. Baadhi ya hao wa mwisho hawaendi mbali. Huteremka kabla ya kufika Lugazi, wakapanda bodaboda, na baada ya mwendo mfupi wakaanza kusikia ngurumo ya maji kabla ya kuyaona.

Maporomoko ya Sezibwa yako Kyaggwe, kiasi cha kilomita 35 kutoka Kampala. Si makubwa. Maji huanguka kama mita 7 tu juu ya miamba myeusi, kisha hutulia na kujiendea zake bondeni. Lakini ni mahali penye heshima yake katika Buganda. Wazee husimulia kwamba mwanamke aitwaye Nakangu alipata uchungu wa kuzaa mapacha, na alichojifungua hakikuwa watoto bali mito miwili, Sezibwa na Bwanda. Ndiyo maana hadi leo wapo wazazi wa mapacha wanaokwenda pale kutoa shukrani. Mgeni mwenye kamera akiwakuta watu katika ibada yao, adabu ni kusimama kando na kuomba ruhusa kwanza. Akikataliwa, aelekeze kamera yake kwenye miti. Miti haimkatazi mtu.

Sajini mmoja wa polisi, mkazi wa kambini Kampala, alikwenda huko na jamaa yake akiwa na kamera aliyoinunua kwa mkono wa pili. Alipiga picha kuanzia saa sita mchana hadi saa nane. Zilipotoka studio, alisikitika. Maji yalikuwa meupe kama karatasi isiyoandikwa, miti ilikuwa myeusi kama masizi, na watoto walikuwa wamefumba macho kwa ukali wa jua. Alidhani ameuziwa kamera mbovu. Kumbe kamera ilikuwa nzima. Saa ndiyo iliyokuwa mbovu.

Jua la utosini, hasa katika nchi hii inayopitiwa na Ikweta, ni adui wa picha za maporomoko. Jicho la mwanadamu huweza kuona povu jeupe na kivuli cha msitu kwa pamoja, lakini kamera haina uwezo huo. Ikiridhisha kivuli, povu huungua. Ikiridhisha povu, msitu huzama gizani. Dawa yake ni kwenda mapema, kabla jua halijapanda, au kungoja wingu jembamba lifunike jua, ambapo mwanga huwa laini na kila kitu huonekana kwa kadiri yake. Anayetumia simu naye anaweza kujisaidia: aguse kwa kidole mahali penye povu kwenye kioo, simu ipime mwanga wa hapo, ndipo apige. Kivuli kilichozidi giza kidogo huweza kurekebishwa baadaye, lakini povu lililoungua halirudi.

Lipo pia suala la mwendo wa maji. Kamera ikifungua na kufunga jicho lake kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, kila tone husimama hewani kama shanga. Ikiliacha wazi kwa robo ya sekunde, maji hugeuka maziwa yanayomiminika. Njia hii ya pili huwapendeza wengi, ila mkono wa binadamu hauwezi kutulia kwa muda huo. Hapana budi kamera iwekwe juu ya kiweko cha miguu mitatu, au juu ya jiwe, ikiegemezwa kwa kitambaa kilichokunjwa. Na manyunyu yasisahauliwe. Kitambaa kikavu cha pamba na mfuko wa plastiki ni vitu vya bei ndogo, lakini mara nyingi ndivyo vinavyoiokoa kamera.

Wiki chache baadaye sajini alirudi Sezibwa saa moja na nusu asubuhi. Alipiga maji kutoka kulia, akapiga kutoka kushoto, akainama, akasimama juu ya jiwe. Mkewe akashindwa kuvumilia.

"Baba watoto, umepiga maji tu. Watoto umewasahau."

"Subiri kidogo, mama. Mwanga huu utapotea."

"Maji yapo kila siku. Watoto ndio wanaokua."

Sajini akacheka, akawapanga watoto kando ya mwamba, mbali na utelezi, na picha ile ikawa bora kuliko zote za siku hiyo. Sababu ilikuwa wazi: mtu akisimama karibu, mtazamaji hupata kujua urefu wa maji. Bila mtu, Sezibwa huweza kudhaniwa kuwa kijito cha bustanini.

Maneno ya mama yule yalikuwa ya haki. Lakini kwamba maji yapo kila siku, hilo mkazi wa Jinja asingelisema.

Pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria palikuwa na Maporomoko ya Ripon. John Hanning Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862, akakadiria kwamba maji yake huanguka futi 12, na kitabu chake cha mwaka 1863 kiliyaonyesha kwa mchoro. Mwaka 1907 akaja Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni wa Uingereza. Yeye na mwanajeshi aliyefuatana naye, Luteni Kanali Gordon Wilson, walikuwa na kamera. Hawakuwa mafundi wa studio. Walikuwa wasafiri waliopiga picha njiani, kama afanyavyo askari yeyote leo akiwa likizo. Kutoka Ripon msafara wao ulielekea kaskazini, kwa miguu na kwa vyombo vya majini, hadi Maporomoko ya Murchison. Picha zao zikatiwa katika kitabu cha Churchill kilichotoka mwaka 1908.

Jambo la ajabu ni kwamba katika kitabu hichohicho Churchill aliandika jinsi nguvu ya maji ya Ripon ilivyofaa kutegwa ili iendeshe mitambo. Yaliyosemwa yakatendeka. Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo baadaye liliitwa Nalubaale. Maporomoko ya Owen yakatoweka kwa ujenzi huo, na yale ya Ripon, yaliyo juu yake, yakafunikwa na maji. Uganda ikapata umeme iliouhitaji sana, na hapana mwenye akili atakayeomba taa zizimwe. Hata hivyo, Ripon haiwezi kuonekana tena ila katika picha.

Zikafuata zamu za wengine. Bujagali, kilomita chache mbele ya Jinja, palikuwa mahali pa matembezi ya wakazi wa mji na makao ya mzimu uliotukuzwa na Wasoga. Bwawa la megawati 250 lilizinduliwa hapo Oktoba 2012, na maporomoko yamelala chini ya maji yaliyotulia. Askari waliowahi kusafiri kwenda Gulu na kwingineko kaskazini wanaikumbuka Karuma na povu lake jeupe chini ya daraja. Kituo cha umeme cha megawati 600 kilizinduliwa huko mwaka 2024, na sehemu kubwa ya maji sasa hupitishwa chini ya ardhi.

Hapa yafaa kusema neno kwa pande mbili. Mwenye kamera asielekeze lenzi kwenye bwawa, kituo cha umeme, daraja linalolindwa wala kizuizi cha askari bila ruhusa. Asijifanye hakuona bango. Naye mlinzi akimkuta mwananchi anapiga picha ya mto, aulize kwanza, atazame ni kitu gani kilichopigwa, aeleze mpaka uko wapi. Wengi hukosea kwa kutojua. Askari aliyewahi kwenda mwenyewe na wanawe mtoni kupiga picha hulitambua hilo upesi kuliko mwenzake.

Kwa aliye na nafasi ya safari ndefu, Sipi iko Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na poromoko lake refu hukaribia mita 100. Murchison, ambayo katika miaka ya 1970 iliitwa Kabalega, iko mbali zaidi, lakini hapana mfano wake: Nile nzima hubanwa katika ufa wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Mvua kubwa za mwaka 1962 zilifungua njia ya pili ya maji kando yake, nayo ikaitwa Uhuru. Ipo njia ya miguu ipandayo kutoka chini hadi juu, na mgeni huongozwa na askari wa wanyamapori. Atakaye upinde wa mvua katika manyunyu alipe jua mgongo, tena jua liwe limeshuka, asubuhi au alasiri. Mwaka 2019, kampuni moja ilipoomba kibali cha kuchunguza uwezekano wa kujenga bwawa huko, wananchi na watu wa utalii walipinga kwa sauti kubwa. Maporomoko bado yapo.

Jioni ile, waliporudi kambini, sajini alifungua sanduku lake akatoa picha ya zamani. Aliipiga Bujagali alipokuwa konstebo kijana. Kijana mmoja amesimama juu ya mwamba, ameinua mikono, na nyuma yake maji yanachemka.

"Baba, huyu ni nani?" mtoto akauliza.

Sajini akaitazama picha kwa muda mrefu. Akaigeuza. Nyuma hapakuwa na neno lolote, wala jina, wala mwaka. Walikuwa pamoja katika mafunzo, akasema; jina lilikuwa limemponyoka.

Picha ya Sezibwa ilipotoka studio, mke wa sajini aliiomba kabla haijatiwa katika albamu. Akachukua kalamu ya wino, akaandika nyuma yake majina ya watoto wote wanne kutoka kushoto kwenda kulia, akaandika siku, mwezi na mwaka, akaandika "Sezibwa, Kyaggwe". Akafikiri kidogo, kisha akaongeza: "Maji yalikuwa mengi."