Pathala Bhairavi: Hesabu Nyuma ya Uchawi

Mwaka 1951 kampuni changa ya Vijaya Productions ya Madras ilitoa Pathala Bhairavi, filamu ya Kitelugu inayomhusu mtoto wa mtunza bustani aliyempenda binti mfalme wa Ujjain, akanaswa na mchawi aliyetaka kumtoa kafara. Msomaji aliyekulia na Alfu Lela U Lela atamwona Aladini humo, na hatakuwa amekosea. Filamu ilijaza kumbi kwa miezi, ikamfanya N. T. Rama Rao nyota. Wengi husifu muziki wa Ghantasala, ufundi wa kamera wa Marcus Bartley, na S. V. Ranga Rao aliyecheza mchawi kiasi cha kumfunika shujaa. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, faida ilitokana zaidi na uamuzi uliofanywa kabla ya kamera kuwashwa.

Wenye kampuni, B. Nagi Reddy na Chakrapani, walikuwa wachapishaji. Tangu 1947 walitoa Chandamama, jarida la hadithi za watoto, kwa Kitelugu na Kitamil, yaani hadithi moja kwa masoko mawili. Hesabu hiyohiyo waliihamishia kwenye sinema. Mwongozaji K. V. Reddy alipiga picha za matoleo ya lugha zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kasri, mapango na mavazi, vitu vinavyomeza fedha katika filamu za aina hii, vililipiwa mara moja vikauzwa mara mbili. Mwaka 1952 studio ya Gemini ya S. S. Vasan ikaongeza toleo la Kihindi, na mlango wa Kaskazini mwa India ukafunguka.

Yuko atakayesema kwamba lugha mbili ni mikanda mara mbili, na waigizaji kurudia kila tukio. Kweli, lakini Vijaya iliwalipa wasanii wake mshahara wa mwezi, kwa hiyo siku ya ziada haikuleta madai mapya ya malipo. Pingamizi zito ni Shavukaru ya 1950, filamu ya kwanza ya kampuni hiyohiyo, iliyosifiwa sana bila kuingiza fedha za kutajika. Kama mfumo huu wa mishahara na lugha mbili ndio siri, mbona haukuiokoa? Kwa sababu Shavukaru ni kisa cha kijiji cha Watelugu, na kijiji kina mila na lafudhi yake. Kukihamisha ni kukitunga upya. Nchi ya mchawi haina mwenyewe. Mtamil aliiona yake sawa na Mtelugu, na hapo ndipo uteuzi wa hadithi ulipogeuka uamuzi wa kibiashara. Nakubali kwamba mfumo peke yake hauuzi tiketi. Ila mtayarishaji wa kukodi kila kitu, asiye na wasanii wa mshahara kama Vijaya, akianza na filamu isiyolipa, mara nyingi hafiki ya pili.

Vijaya ilifika, na haikubadili mbinu: mwaka 1957 K. V. Reddy aliwatengenezea Mayabazar, tena kwa Kitelugu na Kitamil.